Nyota Iliyosimama Juu ya Chepsaita

Nanzala anauza sukuma wiki mtaani Kimumu, na hakuna mteja asiyeujua mdomo wake. Jioni hufunga kibanda, huketi mlangoni na kutania kila apitaye. Lakini wiki hiyo alikuwa kimya. Binti yake Diana alikuwa amepata kazi ya karani kwenye ghala la mahindi kule Chepsaita. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, la sivyo kazi ingepewa mtu mwingine. Nanzala alimkataza katakata asiende.

Sababu ilikuwa nyota. Kila jioni, jua likishatua, nyota kubwa nyeupe ilionekana magharibi, upande wa Chepsaita. Nanzala aliikumbuka. Ilisimama papo hapo miaka minane iliyopita, mwezi kama huu, mwanawe Zachariah alipogongwa na lori huko Chepsaita akafariki. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami simcheki.

Diana alimweleza jirani yao Eddah, mwalimu wa shule ya upili. Jioni Eddah akaja na simu yake. Alikuwa ameweka programu ya kutambua nyota. Alisema ukielekeza simu angani, inakuandikia jina la unachokiona. Akaielekeza kwenye ile nyota kubwa. Simu haikuandika jina lolote.

"Unaona, mwalimu?" Nanzala akasema. "Hata hiyo simu yako haiijui."

Eddah alicheka, akavua kava ya simu. Kava ile ilikuwa na sumaku, na sumaku hupotosha dira ya simu. Akawasha lokesheni ili simu ijue iko Kimumu. Kisha akaizungusha hewani kama anayechora namba nane, dira ijirekebishe. Safari hii jina lilitokea: Zuhura.

"Hii si nyota, Mama Diana," Eddah akasema. "Ni sayari. Inazunguka jua kama dunia yetu. Kila baada ya miaka minane inarudi karibu pale pale. Wewe uliona sawa."

Programu ile huonyesha pia anga la siku zilizopita. Eddah akaweka tarehe aliyofariki Zachariah. Zuhura ilikuwepo. Nanzala akajifunika uso kwa leso. Eddah akauliza Diana alizaliwa lini. Ilikuwa mwezi huu huu, miaka ishirini na nne iliyopita. Akaweka tarehe hiyo. Zuhura ilikuwepo, mahali pale pale.

Nanzala akaondoa leso usoni, akaisogelea simu.

"Kumbe hata jioni ile nilikuwa nampakata huyu, ilikuwa hapo?"

"Ilikuwa hapo."

"Sasa ni nini ilinichukulia mtoto wangu?"

"Ni lori lilikuwa halina taa, Mama. Na kulikuwa giza."

Nanzala alilia, Diana akalia naye. Hawakuwa wamelia pamoja tangu mazishi.

Jumatatu asubuhi Nanzala alimsindikiza binti yake hadi stegi ya matatu. Alikuwa amemnunulia jaketi ya kung'aa, kama ile ya watu wa bodaboda, akaitia kwenye begi kwa mikono yake mwenyewe.

"Giza likiingia, uivae," akamwambia. "Ile Zuhura iache, haina neno. Wewe angalia barabara."