Mvule wa Bustani ya Boma

Tawi lilikatika saa nne asubuhi, siku ya Jumapili, mwezi wa Novemba mwaka 1951, katika bustani ya Boma ya Kisarawe. Wazazi walikuwa wamekwisha kuwasili na watoto wao, wengine wametembea tangu Marui, ili wawatazame tausi, wawatupie samaki makombo birikani, na zaidi ya yote wapande bembea ya minyororo iliyoning'inia katika mvule mkubwa tangu enzi ya Mjerumani. Aliyekuwa juu ya bembea ni Mwanahalima, binti wa Biubwa, mtoto wa miaka saba. Tawi lilimwangukia pajani, na mfupa ukavunjika.

Kabla ya adhuhuri, Pazi, fundi seremala aliyekabidhiwa utunzaji wa bembea, alikuwa amekwisha kufungiwa mahabusu. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, akatoa amri mbili: Pazi ashtakiwe, na mvule ukatwe Jumatano.

Kesi alipewa Sajini Athanas, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alikuwa ametoka doria ya Mlandizi bila kulala, na magoti yalimuuma. Hata hivyo alivaa kofia yake sawasawa, maana uchovu si ruhusa ya mtu kufanya kazi nusu.

Bustanini alipokewa na Bartolomeo, msimamizi wa bustani, ambaye walisali naye kanisa moja.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sajini."

"Milele amina. Nionyeshe tawi."

"Ni mchwa. Tazama njia zao za udongo. Nimemwambia Pazi akague, lakini yeye hukagua akiwa amesimama chini, kama mtu anayetazama mwezi."

Athanas alichutama kwa taabu, akakwangua udongo kwa kisu. Chini yake mti ulikuwa mzima na mgumu, wenye michirizi iliyonyooka ya meno ya msumeno. Michirizi hiyo ilifika robo tatu ya unene wa tawi. Sehemu iliyosalia ilikuwa imechanika.

"Mchwa huyu ana meno ya chuma," alisema.

"Basi ni makusudi. Na msumeno wa bustani hutumiwa na Pazi."

"Huwekwa wapi?"

"Ghalani. Ufunguo anao yeye."

"Peke yake?"

"Na mimi, kwa ajili ya usimamizi."

Athanas akauzunguka mti. Katikati ya mizizi aliona kitambaa cheupe na unga uliomwagwa. Unga ulikuwa umelowa mvua, kisha ukakauka na kuwa ganda gumu. Ndani ya ganda lile mlikuwa na alama moja ya kina, iliyopinda, upana wa kiganja, mfano wa makali ya shoka. Mvua ya mwisho ilinyesha Ijumaa alfajiri.

"Na hii?"

"Ushirikina wa watu wa huku," alijibu Bartolomeo. "Mimi sijui mambo hayo."

Athanas, mzaliwa wa Misugusugu, aliyajua. Akakifuta kisu, akakitia mfukoni.

Mahabusu alimkuta Pazi ameketi sakafuni.

"Jumamosi ulikagua?"

"Mchana, Sajini. Nilining'inia mwenyewe, nami ni mzito kuliko mtoto yule mara tatu. Nikaufungia msumeno ghalani, nikaenda zangu."

"Nani anakuchukia?"

"Mtu wa kunichukia atapata wapi nafasi? Mke wangu amekwisha kuzichukua zote." Hakucheka. "Mama wa mtoto alikuja dirishani. Hakunitukana, alinitazama tu. Heri angetukana."

"Wakikutia hatiani, ni kifungo cha miaka."

"Hilo nimeambiwa. Nakuuliza wewe, Sajini: nikitoka, nitapita wapi katika mji huu?"

Athanas akatoka, akaufunga mlango.

Jumatatu alimtafuta Twalibu, muuza kashata, aliyefukuzwa bustanini na msimamizi mwezi uliotangulia, akasema mbele ya watu kwamba bembea ile itamvunja mtu. Alimkuta sokoni.

"Ulisema maneno hayo?"

"Niliyasema. Nikasema pia kwamba tausi watamla msimamizi. Mbona hukwenda kuwapima midomo?"

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Mlandizi, kwenye maulidi. Nimeuza kashata zangu, nimekula pilau ya watu. Muulize imamu, alinisema kwa kurudia sahani."

Imamu aliulizwa. Ilikuwa kweli, na bado alikuwa na hasira ya sahani ile.

Bwana Shauri aliona yaliyopatikana yanatosha: msumeno ni wa Pazi, ufunguo ni wa Pazi. Athanas akaomba siku moja. Jumanne akapanda baiskeli hadi Marui, kwa Mwinyijuma, mkuu wa wapasuaji mbao. Alimkuta ananoa msumeno uwanjani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sajini. Umekuja kunifunga au kunywa maji?"

"Maji kwanza."

Akaletewa kata, akanywa polepole. "Kesho mnaukata mvule wa Boma."

"Tumeitwa."

"Mmekwisha kuuomba radhi?"

"Tusiuombe, tuna wazimu? Mvule haukatwi kama mpapai. Tuliweka kitambaa na unga, tukaegemeza shoka shinani, makali ndani ya unga, tukaliacha usiku kucha. Lingeanguka, tungejua mti umekataa. Nililikuta limesimama."

"Siku gani?"

"Tuliliweka Alhamisi jioni. Ijumaa alfajiri nililifuata, mvua ikanikuta njiani nikirudi."

Athanas akaishusha kata. "Mzee, tawi lilianguka Jumapili. Amri ya kuukata mti ilitolewa baada ya hapo. Alhamisi nani alikwambia kwamba mti utakatwa?"

Mwinyijuma aliacha kunoa.

"Msimamizi. Alisema kibali ki njiani. Tena alichukia tulipotaka kuuomba, akasema ni ushenzi. Nikamwambia bila hayo vijana wangu hawapandi, akakubali kwa shingo upande." Akatazama chini. "Sajini, sisi tuliomba radhi kwa mti. Hatukujua kwamba kuna mtoto."

Jumatano asubuhi wapasuaji walifika bustanini na kamba zao. Bwana Shauri alikuwapo, na Biubwa mama wa mtoto, na watu wengi kando ya birika. Athanas alimwomba Bartolomeo asogee karibu na shina.

"Ulijua lini kwamba mti huu utakatwa?"

"Jumapili, kama watu wote."

"Kabla ya hapo hukulizungumza na mtu yeyote?"

"Kamwe."

Athanas akaonyesha ganda la unga. "Hapa pana alama ya shoka. Wapasuaji huliweka hivi wanapouomba mti kabla ya kuukata, wala si kwa jambo jingine. Unga umelowa, na mvua ilinyesha Ijumaa. Kwa hiyo mti uliombwa radhi kabla tawi halijaanguka. Mwinyijuma, nani alikuita?"

"Huyu hapa," alisema Mwinyijuma.

Bartolomeo alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi.

"Niliahidi mbele ya waumini wote kwamba kanisa litapata milango ya mvule," alisema. "Niliomba mti msituni, nikanyimwa. Nikaomba huu, nikanyimwa. Nikaona ukionekana umeliwa na mchwa, utakatwa tu. Nililikata tawi Jumamosi jioni, nikalipaka udongo. Nilitaka lianguke lenyewe usiku, wala lisimdhuru mtu."

"Nalo halikuanguka."

"Halikuanguka."

"Ulijua kwamba bustani hufunguliwa saa tatu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Misani."

"Ukifanya nini?"

"Nikisali lisimwangukie mtu."

Biubwa aligeuka, akaondoka. Watu wakampisha. Ahadi ya mtu mwenye kiburi ni mzigo ambao huwatwika wengine, na siku ile ulikuwa umetwikwa mtoto.

Bwana Shauri alizifuta amri zote mbili. Wapasuaji wakakunja kamba zao. Bartolomeo akamsogelea Athanas, akanong'ona, "Ndugu yangu, tupite njia ya nyuma, ya ghalani. Watu wetu wa kanisani wako langoni."

Athanas alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kukasirika kulimshinda.

"Pazi alipitishwa langoni," alisema. "Twende."

Walipita langoni, taratibu, kwa sababu ya magoti. Kule Boma, Athanas alifungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake, akamweleza Pazi yote.

"Na mtoto?" Pazi aliuliza.

"Atatembea. Daktari anasema mguu mmoja utakuwa mfupi kidogo."

Pazi alikuwa amekwisha kusimama. Akaketi tena sakafuni, mlango uko wazi mbele yake.

"Ningoje kidogo, Sajini."

Athanas akavua kofia, akaketi kizingitini, akamngoja.