Simba Wangu Haendi Ushirombo

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Kambarage, mjini Shinyanga, mnatangaziwa kwamba tasnia ya uchoraji imepatwa na msiba mzito. Simameni kidogo.

Haya, kaeni. Kudra kamrushia mchumba wake kopo la rangi ya mafuta, basi. Lilimkosa, likapasukia mlangoni.

"Kudra! Umerogwa?"

"Rhoda ni nani, Mihayo?"

Kudra ndiye yule binti anayechora mashujaa wa filamu na katuni kwenye makoti ya jinzi, viatu na madigadi ya pikipiki. Mihayo, fundi pikipiki, alichorewa koti ambalo halina pacha duniani: mgongoni simba kavaa kofia ya mwanaanga, anakanyaga mwezi. Siku alipovalishwa aliapa kuleta washenga kabla ya mvua.

Asubuhi hiyo, kwenye simu ya Kudra, uliingia ujumbe kutoka namba ngeni:

"Dada mchoraji, habari. Mimi Rhoda wa Kharumwa. Naomba ubao wa kukaribisha wageni harusini kwangu. Mimi na mume wangu mtarajiwa utuchore kama mashujaa wa katuni za Kijapani, mapanga mkononi. Picha yake hiyo hapo."

Picha ilikuwa ya Mihayo. Ndani ya koti la simba.

Kudra alimwita dukani kwake, akampokea kwa kopo. Sasa alimsukumia simu usoni.

"Soma! Kwa sauti, bwana harusi!"

Mihayo alisoma. Hasira zikampanda naye, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Uongo mtupu! Simjui Rhoda yeyote!"

"Mapanga mkononi, Mihayo! Nikuchore na panga!"

"Kharumwa sijakanyaga tangu nizaliwe!"

"Mbona anakuita mume wake?"

"Mtu ananisingizia na wewe unabeba tu? Aneth ni wa Ushirombo, Kharumwa wapi na wapi!"

Hata cherehani ya jirani ilisimama.

"Aneth," Kudra alisema polepole.

"Nilitaka kukwambia..."

"Aneth sikumuuliza. Nimemuuliza Rhoda."

"Nisikilize basi. Ni mayu. Mama yangu ameshapeleka ng'ombe kwao Aneth. Anataka mkwe wa kanisani. Mimi nilikuwa natafuta namna..."

"Namna gani? Ya kunivisha kilemba cha ukoka huku ng'ombe wameshapelekwa?"

"Nakupenda wewe, Kudra!"

"Kawaambie hao ng'ombe."

"Kudra..."

"Vua koti."

"Hapa? Watu wanaangalia."

"Waangalie! Vua. Simba wangu haendi Ushirombo."

Mihayo alivua. Akaondoka na singlendi yenye tundu begani, hakugeuka nyuma. Kudra alilikumbatia koti kifuani, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akaifungua ile picha ili aifute. Kidole kikaganda hewani.

Nyuma ya Mihayo palikuwa na pazia la maua. Pazia la sebuleni kwao Kudra. Chini ya pazia, sanduku la bati, lile la kwendea bweni, limeandikwa kwa mkono wake Kudra mwenyewe jina la mdogo wake: ABDULSHAKUR.

"Abdulshakur!"

"Naam, dada," sauti ilitoka nyuma ya makoti.

"Rhoda ni nani?"

Wasomaji wapendwa, msimulizi wenu angependa kuendelea na habari za watu wengine, lakini ameshikwa sikio. Ni mimi. Laini mpya, picha niliyompiga shemeji alipotutembelea Idi, na likizo isiyo na kazi. Nilitaka dada afoke kidogo, shemeji ajitetee, kisha tucheke sote. Rhoda nilimtunga. Aneth sikumjua, wallahi.

"Umenivunjia uchumba kwa mzaha, Shakuru?"

"Nisamehe, dada."

Mkono wake ulibaki sikioni mwangu, lakini nguvu zilipungua.

"Ungekuwa unaujua ukweli wa Aneth, ungeniambia?"

Shuleni nasifiwa kwa majibu ya haraka. Hapo nilianza kuhesabu matone ya rangi mlangoni. Nisingethubutu, na alilisoma usoni kwangu.

Aliliachia sikio. Akafuta macho kwa mkono wa koti, akanirushia tambara na kipande cha sabuni.

"Haya. Mlango huo."

Rangi ya mafuta haitoki kwa sabuni. Dada ni mchoraji, analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana alinipa sabuni.