Pengo la Kiitikio

Fundi hakuwa mtu wa kutishwa na vivuli. Alikuwa mjane, akishona nguo sebuleni kwake, na starehe yake moja ilikuwa redio. Si ya habari wala ya mpira. Yeye alipenda kuzungusha kitufe polepole mpaka akwame kwenye kituo cha watu asiowajua, wanaimba kwa lugha asiyoijua: nyimbo za kupura nafaka, za kubembeleza watoto, za kusindikiza maiti. Akipata kizuri, alikirekodi kwa simu na kukituma kwenye kundi lao.

Kundi waliliita Mawimbi ya Mbali, na waliochangamka humo walikuwa watatu tu. Yeye mwenyewe. Mdogo wake, fundi wa friji aliyekaa chumba cha uani, ambaye kwa sauti yake nzito watu walimwita Besi. Na dereva wa lori la masafa marefu, rafiki wa marehemu mumewe, aliyenasa vituo vya ajabu huko barabarani kisha akatamba navyo wiki nzima.

Jumamosi moja asubuhi, chai ikiwa bado mezani, ujumbe wa dereva ukaingia.

"Shemeji, leo nimevua papa," alisema. "Nimekinasa kituo hiki mahali hapana nyumba wala mti. Sikilizeni, mniambie hawa ni watu wa wapi."

Besi akavuta kiti, mkate mkononi. Siku hizo alikuwa mtu wa furaha. Harusi yake ilikaribia na alikuwa akijiimbia hata anapofunga skrubu.

Wimbo ukaanza kwa miguu. Miguu mitupu, ikikanyaga ardhi kwa pamoja. Kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, tamu. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Miguu ikaendelea. Akaimba tena. Akanyamaza tena.

"Huu umekatwa," Fundi alisema. "Huyu anatoa, wenzake wanapokea. Sasa wenzake wako wapi?"

"Wameenda kunywa chai," Besi akajibu.

Wakacheka. Lakini Besi hakuwahi kuacha mfupa na uboho wake, wala wimbo na pengo lake. Mwanamke aliponyamaza kwa mara nyingine, yeye akaitikia kwa mzaha, mdomo umejaa mkate. "Eee-eeh." Ikakaa pale kama mfuniko juu ya chungu chake.

Mwanamke wa kwenye simu akacheka. Kicheko kidogo, cha pumzi.

Fundi akafurahi, akaurudisha wimbo nyuma ili akisikie tena kile kicheko. Hakikuwamo. Ila pale palipokuwa na pengo, sasa palikuwa na sauti moja ya mwanamume. Nzito.

"Umeibandika saa ngapi sauti yako humu?"

Besi akamtazama. Mkono mmoja ulishika mkate, wa pili kikombe.

Kesho yake aliamka na mkwaruzo kooni. Dada mtu akamchemshia maji ya tangawizi. Siku zilizofuata mkwaruzo ukawa mnong'ono, na mnong'ono ukawa pumzi tupu. Daktari wa zahanati akamwangalia koo kwa tochi, akazima tochi, akawasha tena. Koo lilikuwa safi.

Lakini kwenye simu, sauti ile nzito ilizidi kuwa safi kila Fundi alipoisikiliza. Mwisho akawa anasikia hata kile kikohozi kidogo ambacho Besi hukitoa kabla ya kuimba.

Akampigia dereva.

"Shemeji, ule wimbo uliurekodi hivyohivyo, bila waitikiaji?"

"Bila vipi? Waitikiaji wamejaa. Wanaume, wanawake, mpaka watoto. Ndiyo maana niliupenda."

Fundi akakaa kitandani taratibu.

"Na wewe uliitikia?"

"Mimi niitikie wapi, shemeji? Hapakuwa na nafasi. Pamejaa pale."

Akamwomba aufute. Akaufuta. Fundi naye akaufuta wa kwake, akazima redio, akachomoa betri. Moyo ukatulia kidogo. Alidhani amekata mti na mizizi yake.

Jioni ile akamwona Besi uani, ameinamia friji ya mteja. Mdomo wake ulifunguka. Ukafungwa. Akahesabu skrubu, akafuta jasho, mdomo ukafunguka tena. Ukafungwa. Sauti haikutoka. Alikuwa anaitikia.

Mchumba wake alipokuja kumwona, walikaa kwenye mkeka, binti ameshika mkono wa Besi. Binti alijitahidi. Alimsimulia habari za vitambaa na wapambaji, na Besi akamsikiliza kwa macho ya upendo, na katikati ya maneno yake mdomo ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka, ukafungwa. Binti aliondoka bila kumaliza soda yake.

"Dada," alimnong'oneza Fundi mlangoni, "nani anamwita?"

Fundi akamsindikiza mpaka barabarani.

Ikaja mchana mmoja wa jua kali. Fundi alikuwa anashona suruali za wanafunzi, akili imeenda mbali, ndipo akagundua mguu wake kwenye cherehani unakanyaga kwa mwendo anaoujua. Akauondoa. Cherehani ikasimama.

Mwendo haukusimama.

Ulitoka uani. Akaenda. Besi alikuwa amesimama katikati ya ua, pekupeku kwenye saruji ya moto, anakanyaga. Mguu huu. Mguu huu. Macho yamejaa machozi. Akamtazama dada yake.

Mdomo ukafunguka, na mle ndani ikatoka sauti. Haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba. Tamu.

Akaimba mstari mmoja. Akanyamaza. Akangoja.

Fundi alihisi kifua kinajaa pumzi. Jibu lilimpanda kooni lenyewe, kama kwikwi. Akavuta kanga begani, akaisokomeza mdomoni, akaiuma.

Wimbo ukarudi. Ukanyamaza. Ukangoja.

Akaelewa. Hakuna aliyemwambia, lakini alielewa kama mtu anavyoelewa njaa. Nafasi ni moja. Akiingia yeye, mdogo wake atatoka. Na huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao afe. Alimbeba mgongoni huku yeye mwenyewe bado ni mtoto wa kubebwa. Hakufikiri mara mbili. Akaitoa kanga mdomoni. Akangoja zamu yake.

Mstari ukaisha. Fundi akavuta pumzi.

"Eee-eeh."

Ilitoka ng'ambo ya ukuta. Nyepesi, ya mtu anayesuuza nguo.

Kicheko kidogo kikapita uani. Besi akaanguka magoti.

"Dada," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Nina kiu."

Fundi hakumpa maji. Alitoka mbio, akazunguka hadi kwa jirani yake, mama muuza mitumba, ambaye nyumba yake ilishikana ukuta na yake. Akamkuta ameinama kwenye beseni.

"Ni wewe uliyeitikia?"

"Si mlikuwa mnaimba?" Jirani akatabasamu. "Wimbo mzuri namna ile hauna mpokeaji, nikaona aibu kukaa kimya."

Akakohoa kidogo. Koo lake lilikuwa limeanza kukwaruza.

Fundi alimweleza yote, hakumficha hata neno. Jirani akacheka, akasema redio zitakuja kuwatia wazimu. Baadaye hakucheka tena. Fundi akahamia kwake, akalala naye chumba kimoja, akampikia, akamkanda koo kwa mafuta ya moto. Alijaribu hata kuuimba ule wimbo mwenyewe, akitumaini kuipokea zamu yeye. Hakukumbuka hata neno moja. Besi pia hakukumbuka. Uliondoka vichwani mwao kama haukuwahi kuingia.

Mwisho alikuja kijana wa yule mama na gari, akamchukua kwenda kumuuguza kwake. Fundi alimuaga kwenye dirisha la gari. Mama akamshika mkono kwa nguvu. Mdomo wake ukafunguka. Ukafungwa. Gari likaondoka, na mpaka kona ya barabara ule mdomo ulikuwa bado unafanya kazi yake.

Harusi ikafungwa. Besi alikula kiapo kwa sauti nzito iliyowafikia hata watu wa nyuma kabisa. Lakini bendi ilipoanza kupiga, alitoka nje, akakaa huko na bibi harusi wake mpaka ngoma zikaisha. Dereva alijitoa kwenye kundi. Fundi naye hakumuuliza sababu.

Nyumba ya jirani ikakaa tupu. Mwenye nyumba akamtuma mpaka rangi aisafishe kwa ajili ya mpangaji mpya. Asubuhi moja yule mpaka rangi akaja kubisha kwa Fundi, brashi mkononi.

"Samahani, mama. Aliyekaa humu alikuwa na watoto wangapi?"

"Aliishi peke yake."

"Njoo uone."

Akamwongoza hadi kwenye ukuta uliotenganisha nyumba zao. Umejaa alama za mafuta, kama zile zinazobaki mtu akiegemeza kichwa. Fundi akasogea. Yalikuwa masikio. Mengine usawa wa mtu mzima, mengine usawa wa kiuno, mengine chini kabisa, madogo kama ya mtoto anayetambaa. Yote yalibanwa ukutani kuelekea upande wake.

"Nimepaka mara mbili," mpaka rangi alinong'ona. "Yanarudi juu ya rangi. Na rangi haijakauka."

Fundi akarudi nyumbani bila kuaga. Akasimama sebuleni, akautazama ukuta huohuo kwa upande wake, pale palipokuwa na kabati la vitambaa. Akalisukuma. Lilikuwa zito, likasogea kwa kukwaruza sakafu.

Nyuma ya kabati palikuwa na sikio moja tu. Usawa wa kichwa chake anapoketi kushona.

Akaligusa kwa kidole. Lilikuwa na joto.