Yowe la Koromeo

Fundi alishusha kitufe cha yowe mpaka chini kabisa, na yowe halikunyamaza.

Lilizidi kidogo tu, urefu wa pumzi moja. Ulikuwa mchana, ukumbi mtupu, wanajaribu vyombo kabla ya onyesho la jioni. Mfagiaji aliyekuwa katikati ya viti hakugundua kitu. Nyundo, mpiga ngoma, alikuwa ameinama anakaza skrubu, naye hakugundua. Lakini Fundi alikuwa na kidole juu ya kitufe, na taa ya kitufe ilikuwa imezima, na spika mbili kubwa zilikuwa bado zinatoa sauti ya kaka yake.

"Nyundo," aliita. "Umesikia hiyo?"

"Mimi? Masikio yangu nilishayazika zamani, dada. Ukiwa na jambo na mimi nirushie kiatu."

"Yowe limezidi."

"La Koromeo lilikuwa linazidi tangu akiwa hai. Umemsahau kaka yako? Ukimpa dakika anachukua nusu saa."

Fundi alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akachomoa kebo, akaifuta, akairudisha.

Bendi yao iliitwa Kutu. Walipiga muziki wa metali, ule wa magitaa yanayokwaruza na mtu wa mbele anayeimba kama anararuliwa. Ziara ya kwanza waliifanya kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa mwoka mikate, na kila mji waliofika walishuka na nywele ndefu, nguo nyeusi na harufu ya mkate. Walipiga kwenye kumbi za harusi na vilabu vya mpira. Watu walikuja kuwacheka, wakabaki. Ziara ya pili walivuka mipaka. Jina la Koromeo, mwimbaji wao, lilikuwa limeenea; vijana walivaa fulana zenye picha ya koo lake. Msumeno, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, akapata basi zuri na hoteli zenye maji ya moto. Fundi, mdogo wake Koromeo, akaletwa kusimamia umeme na sauti, maana kaka yake alisema hamwamini mtu mwingine.

Ziara hiyo ilikatika katika mji wa mwisho, kwenye wimbo wa mwisho. Koromeo, gitaa likiwa shingoni, alisogeza midomo kwenye maiki. Yowe lililomtoka hakuna aliyewahi kulisikia kwa mwanadamu. Watu walishangilia. Walishangilia alipoanguka, na wengine waliendelea kushangilia wakati Fundi amepiga magoti jukwaani anamwita kaka, na kaka hasikii. Mungu amrehemu.

Msumeno aliwaambia polisi kwamba ukumbi ulikuwa mkongwe, nyaya zimeoza, na umeme wake ndio uliomuua. Na nani aliyeukagua ukumbi? Fundi. Aliupima mwenyewe mchana ule, na kipimo kikasema hauna tatizo. Lakini mtu akishakufa, kipimo kina neno gani? Aliamini amekosea. Mama yake aliamini pia. Hakumtukana. Alimwekea chakula, alimjibu salamu, ila tangu mazishi hakumwita tena mwanangu. Alimwita "wewe", basi.

Ndiyo maana Msumeno alipochukua rekodi ya onyesho lile, akalitenga yowe na kusema litafungua kila onyesho la ziara ya tatu, "kwa heshima ya marehemu," Fundi hakubisha. Aliyeua ataanzia wapi kukataza? Kila jioni taa zilizimwa, yowe likapigwa gizani, na maelfu ya watu wakalijibu kwa mayowe yao. Mji baada ya mji.

Baada ya ule mchana wa kwanza, mambo yalikuja polepole, kama maradhi. Mji uliofuata, walipofungua masanduku ya vyombo, ilitoka harufu ya nywele zilizoungua. Nyundo alinusa kichwa chake mwenyewe, kisha cha Msumeno. Mji mwingine amplifaya zilinguruma, mngurumo mzito unaoingia kwenye meno, wakati plagi zote zimelala mezani mbele ya macho yao. Halafu Msumeno akaanza kupigwa shoti. Akishika kitasa cha mlango, shoti. Akishika kijiko, shoti. Nyuzi za gitaa lake zilimwachia malengelenge, akawa anapanda jukwaani na malapa ya mpira.

"Mfalme wa metali anaogopa chuma," Nyundo alimtania. "Tuhamie nyimbo za kubembeleza watoto, kiongozi. Mimi nitapiga njuga."

Msumeno alimvuta Fundi pembeni. "Lifute hilo yowe."

"Si wewe uliyesema ni heshima?"

"Lifute, Fundi. Nakuomba."

Alilifuta. Jioni ile, taa zilipozimwa, yowe lilikuja lenyewe. Halikutoka kwenye spika peke yake, lilitoka kwenye nguzo za jukwaa na miguu ya viti na vyuma vya paa, likapanda, likaendelea kupanda pale ambapo pumzi ya mtu ingekwisha, na watu elfu kadhaa ambao hawakujua kitu wakalijibu kwa furaha huku Nyundo ameziba masikio aliyodai kuyazika na Msumeno amechuchumaa nyuma ya ngoma kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

Kesho yake mchana Fundi alimkuta Msumeno nyuma ya amplifaya yake, bisibisi mkononi, anafungua plagi.

"Umekatwa tena," Msumeno alinong'ona. Hata hakugeuka kuona anaongea na nani. "Jana niliuunga. Juzi niliuunga. Kila nikifungua naukuta umekatwa."

Fundi aliinama. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini ili usipite kwenye mwili wa mtu, ulikuwa umekatwa ndani ya plagi, safi, kama kwa wembe.

"Msumeno," alisema taratibu. "Ulijuaje pa kuangalia?"

"Nini?"

"Mimi ndiye fundi hapa, na sikuwahi kufikiria kufungua plagi yako. Wewe ulijuaje?"

Msumeno alisimama, akapita kando yake bila kumgusa, akatoka nje.

Fundi alimpigia simu baba yake mdogo. Alikuwa mshona magodoro, mtu mpole, na watu wa kila aina walimfuata awaombee wagonjwa wao wanaosumbuliwa na visivyoonekana. Alifika keshoye mchana kwa basi, amebeba chupa ya maji na kanzu moja ya kubadili. Alitazama ngoma, magitaa, mafuvu yaliyochorwa kwenye pazia la jukwaa.

"Hii ndiyo kazi inayowalisha?" aliuliza. "Kupiga kelele?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na mnalipa watu wawasikilize?"

"Wao ndio wanatulipa, mzee," Nyundo alisema.

"Dunia ina mambo." Akavua viatu. "Chomoeni kila kitu. Fungeni milango. Asitoke mtu."

Walichomoa kila plagi, wakaziweka sakafuni kwenye mwanga wa madirisha ya juu. Mzee alinyunyiza maji kuzunguka spika, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Kwa muda ukumbi ulikuwa ukumbi tu. Kisha mngurumo ukaja, kwanza kwenye nyayo zao, halafu magotini, halafu kifuani, na harufu ya nywele ikajaa mpaka Nyundo akatapika kwenye kiganja chake, na ndani ya spika isiyo na waya wowote mtu akavuta pumzi.

"Fundi," sauti ikasema. Ilikuwa ya kaka yake, ile ya asubuhi, ya kuomba chai.

Miguu ya Fundi ikataka kwenda. Mzee alimshika mkono.

"Usiitike, mwanangu. Marehemu yuko kwa aliyemuumba, ametulia. Hiki ni kiumbe kingine, kimelivaa yowe lake kama nguo." Akaigeukia spika. "Nani kakutuma?"

"Nilikuwa napita. Nikasikia mtu anakufa na watu wanashangilia. Nikaona ni mahali pazuri."

"Toka."

"Nitoke wakati kila mji mmenipigia hodi? Nimekaribishwa na watu wengi kuliko wewe, mshona magodoro."

"Unataka nini?"

"Aliyekata."

Msumeno alikuwa tayari amefika mlangoni, na mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, na kitasa hakikumwachia, alitetemeka pale, vidole vimeng'ang'ania chuma na malapa yake ya mpira yanatoa moshi, huku mngurumo ukipanda na mzee akisoma kwa haraka zaidi na zaidi, mpaka Msumeno akalia kwa sauti kubwa: "Mimi! Mimi ndiye niliyekata!"

Kitasa kikamwachia. Alianguka chini.

"Amplifaya ilikuwa inanguruma," alisema, uso sakafuni. "Ziara nzima inanguruma, inaniharibia gitaa. Ukikata waya wa ethi mngurumo unakwisha. Wapiga magitaa wengi wanafanya. Nilikata wakati mmeenda kula. Gitaa la Koromeo lilikuwa limeunganishwa hapohapo."

"Polisi walikuta plagi nzima," Fundi alisema.

"Niliibadilisha."

"Saa ngapi?"

"Wewe ukiwa umemshika. Unamwita."

Fundi hakusikia tena mngurumo. "Na ukaniacha mimi."

"Mtu lazima angeulizwa, Fundi. Mimi nilikuwa na bendi."

"Mama yangu haniiti mwanangu, Msumeno. Nakaa naye meza moja na haniiti mwanangu."

Msumeno alifungua mdomo amjibu. Kilichotoka kilikuwa yowe. Spika zilikuwa kimya, harufu imekwisha, hewa ya ukumbi nyepesi kama baada ya mvua, na yowe la Koromeo lilikuwa linatoka kwenye koo la mtu mwingine, mishipa imemtoka shingoni na macho yake yanawaomba wote watatu msaada ambao mdomo haukuweza kuuomba.

Mzee alisoma mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akaketi.

"Kimehama," alisema. "Kimeingia kwa mlango wa dhuluma, na aliyedhulumiwa ndiye wa kuufunga. Marehemu hawezi. Imebaki damu yake, wewe na mama yako. Mkisema mmesamehe, kwa moyo, nitakitoa leo hii. Anza wewe, mwanangu. Neno moja tu."

Fundi aliokota kebo moja sakafuni, akaikunja.

"Kwanza amwambie mama," alisema.

Walimpeleka kwa basi la bendi, Nyundo akiendesha. Njiani lile jambo lilikuwa likimwachia na kumrudia. Likimwachia, alilia na kuomba radhi kwa sauti yake. Likimrudia, abiria wa magari mengine waligeuza shingo barabarani.

Nyundo aliwashusha mlangoni, akaondoka na basi. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Alisikiliza maneno yote ya Msumeno bila kukatiza: waya, plagi, polisi. Alikunja nguo ya mwisho, akaiweka juu ya nyingine, akaziweka sawa kwa kiganja. Ndipo Msumeno akashikwa tena. Safari hii halikuwa yowe. Lilikuwa neno moja, polepole, kwa sauti ya kijana aliyezikwa.

"Mama."

Nguo zikamdondoka.

"Shemeji," mzee alisema upesi, "usidanganyike. Huyo si mtoto wako. Mtoto wako yuko kwa Mola wake."

"Najua, shemeji. Namwombea kila siku."

"Basi sema umesamehe. Kitatoka, na huyu atapona. Kikikaa kitammaliza. Hatafika mbali."

"Kikitoka, kitatoka na sauti?"

"Ndiyo. Na sauti."

Mama alimtazama mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mwanawe, jasho likimchuruzika, anatikisa kichwa, anaomba kwa mikono. Alimtazama kama mtu anayechagua kitambaa dukani, hana haraka.

"Mama," Msumeno alisema kwa sauti ya Koromeo, na machozi yake mwenyewe yakamtiririka. "Mama, nina njaa."

"Fundi," mzee alinong'ona. "Wewe una akili. Mwambie mama yako. Hii ni dhambi."

Fundi alikuwa na neno tayari mdomoni. Angeweza kulisema. Alimfikiria Msumeno akibadilisha plagi, vidole vyake vikifanya kazi kwa utulivu, hatua chache tu kutoka pale alipokuwa amepiga magoti. Akafunga mdomo.

Mama alivuta kigoda, akakaa mbele ya Msumeno, magoti kwa magoti.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, na Fundi akajua ni yeye anayeitwa. "Msindikize baba yako mdogo kituoni. Ukirudi, funga mlango kwa komeo."

Kisha akainama karibu zaidi na lile koo.

"Haya," alimwambia. "Sema tena."