Taa ya Vifuu Aliyoiacha Dena

"Imewaka tena. Njoo."

Ujumbe wa Phoebe ulinikuta chuoni Kilifi, mikono myeusi kwa makaa. Nikashika njia ya Ganze nikinung'unika. Mimi Kambi siamini mizimu, lakini sikufichi, nywele zilinisimama.

Taa ile tuliiunda mimi na marehemu Dena, mumewe Phoebe. Badala ya betri ina makaa ya vifuu vya nazi, tuliyoyasaga laini kama wanja tukayapaka plastiki inayopitisha umeme. Tangu Dena azikwe haijachajiwa. Unaimaliza umeme, inazima, kisha jioni inafumbua jicho yenyewe, hafifu.

Mamake Dena alishatoa hukumu: koma ya mwanawe, yaani mzimu wake, imekataa nimwoe Phoebe. Tulimwaga tembo la mnazi kaburini kuomba radhi, na jioni hiyo hiyo taa ikawaka. Phoebe akasema posa isubiri.

Nilieleza hadi nikachoka. Makaa yale yana vitundu visivyoonekana kwa jicho, na umeme uliojificha ndani kabisa hupanda polepole. Dawa yake ni kuunganisha ncha zake mbili kwa waya na kuuacha hapo hadi umeme wote uishe. Jumapili niliufunga mwenyewe, wote wakiona.

Sasa taa inang'aa juu ya kabati, na waya haupo.

"Umeutoa wewe?"

"Niiguse mimi? Hata kulala humu naogopa," Phoebe akasema. "Nakupenda, Kambi. Lakini Dena hajatuachia. Nenda."

Nikaenda, ningefanyaje? Uani mamake Dena alikuwa juu ya mbuzi, akikuna nazi. Nilipoinama kumuaga nikaona fundo kwenye pindo la leso yake, na ncha ya waya mwekundu imechungulia.

"Mama, huo waya?"

Akaacha kukuna.

"Ukiufunga, mwanangu haamki tena," akasema. "Kila jioni huniamkia shikamoo, nami humwitikia."

Phoebe alikuwa amenifuata, alisikia yote. Akaketi chini, akamkumbatia, wakalia pamoja. Hasira zangu zikaniishia. Nikaileta taa nikampakatisha mama.

"Ikae kwako. Hatuifungi waya tena. Itafifia yenyewe, siku yake ikifika."

Mama akaifunika kwa kiganja, mwanga ukapenya vidoleni.

"Posa niliikataa mimi, si koma," akasema. "Lete mnazi wa posa, mwanangu."

Harusini alikuja nayo, imezima wiki nyingi. Nilidhani imekwisha kabisa. Jua lilipotua, Phoebe mkono wake mkononi mwangu, ikafumbua jicho mapajani mwa mama.

"Marahaba," mama akasema taratibu.

Nami niliyeiunda, sikumweleza kitu.