Baba Aliifua Kamba Yangu, Akanyamaza

Nina miaka kumi na tisa na natembelea magongo. Watu hapa Juba huniuliza kama ni vita... La! Ni baba yangu mzazi.

Mimi na kaka yangu tulikulia Nakuru. Huko shuleni ndiko nilikojifunza kupanda miamba. Tuliporudi nyumbani na kujenga mtaa wa New Site hapa Juba, kila Jumamosi nilikuwa Jebel Kujur, mlima ulio kando ya mji. Mwalimu wangu wa Nakuru alikuwa ameniita nikapande naye Mlima Kenya. Nilikuwa nangoja shule ifungwe tu!

Baba hakutaka hata kusikia. Alisema milima ni ya mbuzi, mwanamume hujulikana kwa ng'ombe. Wageni wakija alikuwa akinicheka mbele yao. Niliumia, lakini ningefanyaje? Mzazi ni mzazi.

Kisha kaka akapata mchumba, mahari ikabidi ipelekwe. Wakati wa kupakia ng'ombe kwenye lori la mjomba, kamba zikapungua. Mimi niko shule, baba akaingia chumbani mwangu akachukua kamba yangu ya kupandia... Kamba inayobeba uhai wa mtu, akaenda kufungia fahali! Njiani betri iliyokuwa nyuma ya lori ikapinduka, asidi yake ikailowesha kamba.

Mimi ningejuaje? Baba aliifua kwa sabuni, akaianika, akaikunja vizuri na kuirudisha mahali pake. Hakusema neno. Baba wa kwetu hajielezi kwa mtoto, sembuse kumwomba radhi, kumwambia maalesh!

Jumamosi nikaikagua kama kawaida. Niliipapasa yote, ilikuwa safi kuliko siku zote. Nikapanda. Wakati wa kushuka nikaiegemea, mara ikakatika ghafla... Kilichofuata ni mawe na mayowe yangu mwenyewe.

Hospitalini mjomba ndiye aliyeropoka. Alishika kipande cha kamba, akauliza, "Si hii ndiyo iliyomwagikiwa maji ya betri? Wallahi, asidi inakula nailoni ndani kwa ndani!"

Nikamtazama baba. Mnajua alijibu nini?

"Niliifua."

Khalas! Hilo tu! Goti langu limekufa, Mlima Kenya ndiyo basi tena. Ng'ombe walifika salama, harusi ikachezwa, nami nikasikiliza ngoma kwa simu nikiwa kitandani.

Hadi leo tunakula meza moja. Ananinunulia dawa, hata magongo haya aliyachonga mwenyewe... Lakini hasemi. Nami nikimwona tu, chakula hakipiti.

Vijana wenzangu, chombo kinachoshika uhai wako kifungie kwa kufuli, hata kama ni kwenu! Na nyinyi akina baba, nawasihi... ukiharibu cha mtoto, mwambie. Angenifokea tu, "Kamba yako imeingia asidi, itupe!" Ningenuna wiki nzima, kisha yakaisha. Aliogopa kushuka heshima mbele yangu. Haya, heshima anayo yote. Mwana ndiye asiye naye tena.