Ukuta Uliozibwa Pumzi

"Bramwel, nani alikutuma upige ukuta wa Hawe simiti?"

Nyevu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Bramwel alibaki na mwiko mkononi, tabasamu limemkauka. Fundi mwenye sifa kutoka Miritini hadi Mishomoroni, alikuwa amepiga lipu nyumba hii kuukuu ya Mwakirunge siku tatu mfululizo, ili mchumba wake akirudi safari aikute mpya. Alitegemea kukumbatiwa.

"Nilijituma mwenyewe. Chokaa ilikuwa inadondoka, na harusi ni mwezi ujao."

"Na vidaka vya kuwekea taa viko wapi?"

"Yale mashimo ukutani? Nimeyaziba yote."

Nyevu akaketi barazani, akashika kichwa. Nyumba ile ilijengwa na babu wa bibi yake Kanze, ambaye yeye humwita Hawe, kwa matumbawe na chokaa, kuta nene mkono mzima, juu boriti za mikoko. Hata jua la Machi halikufua dafu mle ndani. Mabinti wote wa ukoo waliozwa ukumbini humo.

Wiki haikuisha, ukuta ukaanza kutoka jasho. Lipu ikavimba, ikabambuka. Bibi Kanze akaugusa, akamwonyesha Bramwel kiganja kilicholowa.

"Umeuziba pumzi, mwanangu. Ukuta wa chokaa hupumua."

"Nisamehe, Bibi. Kwetu Bungoma simiti ndiyo dawa ya kila kitu."

"Huku siyo. Siku kiganja changu kitakapotoka hapa kikavu, ndiyo siku ya harusi."

Jioni simu ya Bramwel ikalia. Ujumbe wa Nyevu: "Nakupenda. Lakini wajomba wanataka kuivunja nyumba wajenge vyumba vya kupangisha. Ikianguka kwa mkono wako, sijui nitakutazamaje."

Bramwel alisoma mara mbili. Asubuhi alirudi na tindo.

Alibandua simiti yote, pole pole asijeruhi mawe. Alifukua vidaka kimoja kimoja. Akachimba shimo, akaloweka chokaa, Bibi Kanze akimsimamia juu ya kigoda.

"Sasa nipake, Bibi?"

"Bado. Ilale kwanza."

"Mpaka lini?"

"Wewe una treni ya kuwahi?"

Tarehe ya harusi ikapita. Mafundi wenzake wakamtania kwamba anajenga kwa kubomoa. Yeye akaendelea kukoroga chokaa yake. Nyevu alianza kumletea mahamri na mbaazi, kisha akaanza kukaa mpaka ayamalize. Siku moja alimpangusa chokaa shavuni, akasahau kuondoa mkono.

"Umekonda, fundi."

"Nikuoe ninenepe."

Miezi mitatu baadaye, chokaa ikiwa imelala, imepakwa na kukauka, ukumbi ulijaa watu, wajomba wakiwa mstari wa mbele. Taa iliwaka katika kila kidaka. Mchungaji alifungua kitabu, lakini Bibi Kanze akamwashiria angoje. Akajikongoja hadi ukutani, akabandika kiganja, akakiacha hapo huku Bramwel akitoka jasho ndani ya suti.

Kisha akakiinua, watu wote wakione.

"Kikavu," akasema. "Aliyetoka jasho leo ni bwana harusi. Mwozeshe upesi, Mchungaji."